KUIKAZA STABILAIZA KWA FEDHA KIDOGO

(Hotuba iliyotolewa na mmoja wetu mbele ya wahitimu, walimu na wanafunzi, siku ya kukutana kwa wahitimu)



Wenzangu walionitangulia wamezungumza habari za mabweni, za maktaba na za ada. Mimi nimeombwa niseme jambo la ufundi, kwa kuwa kazi yangu ya miaka mingi ni ya magari. Nimechagua kifaa kimoja tu, chuma cha mviringo kilichopindwa mfano wa herufi U, ambacho mafundi wote kuanzia Uyole hadi Kasumulu hukiita stabilaiza. Kila mwezi nakutana na vijana wenye Noah na magari mengine madogo ya abiria wanaouliza swali lile lile: "Mzee, gari langu linalala sana kwenye kona. Nifanye nini, na fedha sina?" Swali hilo ni zuri, na jibu lake limo katika madaftari ya fizikia ya shule hii. Ndiyo maana nimeona nilijibu hapa, mbele ya wale wanaoendesha na wale wanaosoma.

Kwanza tutazame mahali tulipo. Wilaya yetu haina barabara nyingi zilizonyooka. Ukitoka Uyole unapanda hadi baridi ya Isongole, unashuka Kiwira, unafika Tukuyu, kisha unaendelea kuteremka hadi joto la Kyela. Ziwa Nyasa liko kama mita 475 juu ya usawa wa bahari, na Tukuyu iko zaidi ya mita 1,000 juu ya ziwa hilo. Mlima Rungwe nao unafika karibu mita 2,960. Barabara inayopita katika nchi ya namna hiyo haina budi kuwa na kona. Ongeza mvua, maana Rungwe ni miongoni mwa sehemu zinazopata mvua nyingi kuliko zote katika Tanzania. Tena ongeza mzigo: ndizi, viazi, maparachichi na magunia ya watu wanaokwenda mnadani. Dereva wa kwetu anakutana na kona, maji na mzigo kwa wakati mmoja.

KAZI YA STABILAIZA

Gari linapokata kona, mwili wake hutaka kuendelea mbele moja kwa moja, lakini matairi yanauvuta upande. Kwa hiyo mwili hulala kuelekea nje ya kona. Springi za upande wa nje hubanwa, na za upande wa ndani hulegea. Hapo ndipo stabilaiza inapoanza kazi. Sehemu yake ya katikati imeshikwa chini ya gari kwa bushi mbili za mpira, na mikono yake miwili imefungwa kwenye sehemu zinazobeba magurudumu, mmoja kulia na mmoja kushoto, aghalabu kwa njia ya linki ndogo.

Magurudumu yote mawili yakipanda pamoja, kama gari linapovuka tuta, chuma hicho huzunguka tu ndani ya bushi zake wala hakifanyi kazi yoyote. Lakini gurudumu moja likipanda na jingine likishuka, mkono mmoja huenda juu na mwingine chini, na chuma cha katikati kinasokotwa. Mama anayekamua nguo iliyolowa anafanya kazi hiyo hiyo, mkono mmoja huku na mwingine kule. Tofauti ni kwamba nguo haikatai, bali chuma cha springi kinakataa, na kule kukataa kwake ndiko kunakozuia gari lisilale.

Maarifa haya si mapya. Mkanada mmoja, Stephen Coleman wa mji wa Fredericton, alipewa hati ya kulinda uvumbuzi wa chuma cha namna hii mwaka 1919. Kanuni yenyewe ya msokoto ni ya zamani zaidi. Wanafunzi mnamjua Coulomb katika mambo ya umeme. Basi Mfaransa huyo huyo, Charles-Augustin de Coulomb, alieleza mwaka 1784 jinsi waya unavyokataa kusokotwa, na akaonyesha kuwa nguvu ya kukataa inafuata kipenyo cha waya kwa kipeo cha nne. Shikeni jambo hilo, kwa sababu fedha za dereva zimo humo.

HESABU YA KIPENYO

Tuchukue stabilaiza yenye kipenyo cha milimita 20. Ishirini kwa kipeo cha nne ni 160,000. Sasa tuchukue nyingine ya urefu na umbo lile lile, yenye kipenyo cha milimita 22. Ishirini na mbili kwa kipeo cha nne ni 234,256. Gawanya namba ya pili kwa ya kwanza, unapata 1.46. Maana yake ni kwamba kwa kuongeza milimita 2 tu, unene wa sarafu moja, ugumu umeongezeka kwa asilimia 46. Ukifika milimita 25 ugumu unakuwa mara 2.44 ya ule wa kwanza.

Kanuni hiyo hiyo inafanya kazi kwa kurudi nyuma. Stabilaiza ya milimita 20 ikiliwa na kutu hadi ikabaki milimita 19, imepoteza karibu asilimia 19 ya ugumu wake. Kwa hiyo yule anayepitisha brashi ya waya na kupaka rangi chuma cha chini ya gari lake kabla ya masika anatunza ugumu ambao mwingine atakwenda kuununua.

Lakini hapa nawaomba vijana msikimbie. Kuongeza ugumu wa stabilaiza kwa asilimia 46 si kupunguza kulala kwa gari kwa asilimia 46. Gari linazuiwa na springi zote pamoja na stabilaiza. Tuseme, kwa mfano wa darasani, kwamba stabilaiza inachangia theluthi moja ya kazi hiyo na springi theluthi mbili. Ukiongeza ile theluthi moja kwa asilimia 46, jumla inaongezeka kwa asilimia 15 hivi, na kulala kwa gari kunapungua kwa asilimia 13. Asilimia 13 ni faida nzuri, na dereva ataihisi, ila gari halikugeuka kuwa gari jingine.

ANZA NA KILICHOCHAKAA

Sasa tuingie gerejini. Mtu mwenye fedha kidogo asianze kwa kununua chuma kinene. Aanze kwa kuuliza kama chuma alicho nacho kinafanya kazi. Magari yetu mengi yaliingia nchini yakiwa yamekwisha kutumika, na baada ya hapo yametembea miaka mingi kwenye mashimo. Chuma cha stabilaiza chenyewe hakichakai upesi. Kinachokwisha ni bushi na linki.

Tufanye hesabu nyingine ndogo. Tuseme katika kona fulani ncha ya stabilaiza inapaswa kusogea milimita 20. Kama bushi zimepanuka na linki zimelegea, na nafasi yote ikijumlishwa ni milimita 6, basi milimita 6 za kwanza zinapita bure. Chuma hakijaanza kusokotwa, na gari limekwisha kulala. Asilimia 30 ya safari ile imepotea kwenye mpira uliochoka. Kisha chuma kinakamata kwa ghafula, gari linashtuka katikati ya kona, na dereva anashtuka pamoja nalo. Jozi ya bushi na jozi ya linki zikiwa mpya zinarudisha yote hayo, na bei yake haifiki bei ya tairi moja.

Namna ya kupima ni rahisi. Ukipita polepole kwenye mashimo ukasikia kugonga kwa mbele, go-go-go, hasa gurudumu moja likiingia na jingine likibaki juu, shuku linki au bushi. Simamisha gari mahali pa tambarare, zima injini, weka vizuizi kwenye magurudumu, shika linki kwa mkono uitikise. Ikicheza, imekwisha. Kisha chomeka mtaimbo mdogo kati ya stabilaiza na chasisi usukume taratibu. Chuma kikiruka ndani ya bushi, bushi imekwisha.

Katika kufunga, yapo mambo manne ambayo fundi mwenye haraka huyaruka.

Moja, usiinue gurudumu moja tu kwa jeki ukaanza kufungua linki. Hapo stabilaiza imesokotwa, na boliti ikitoka chuma kinaweza kuruka na kukuumiza. Inua pande zote mbili sawasawa, au fanya kazi magurudumu yote yakiwa chini. Na mtu asiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Weka stendi imara au magogo mapana.

Mbili, badilisha pande zote mbili kwa pamoja. Bushi mpya kulia na kuukuu kushoto huzaa gari lenye tabia mbili, moja kwa kona ya kulia na nyingine kwa kona ya kushoto.

Tatu, mpira wa kawaida usipakwe grisi ya petroli, kwa sababu grisi hiyo hula mpira. Tumia maji ya sabuni ili uteleze uingie. Bushi ngumu za poliurethani, ambazo siku hizi zinapatikana, ndizo hupakwa grisi ya silikoni, la sivyo zinalia kama mlango mkavu. Bushi hizo hazibonyei kama za mpira, kwa hiyo zinafanya chuma kile kile kianze kazi mapema zaidi. Kwa mtu asiyeweza kununua stabilaiza nene, hatua yake ya kwanza ya kukaza ndiyo hiyo.

Nne, kaza boliti za mwisho gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake. Ukikaza likiwa linaning'inia, mpira unakamatwa katika hali isiyo yake na kuchanika mapema.

Nimeona pia mafundi wanaochonga bushi kutoka tairi kuukuu. Siwadharau, maana mpira wa tairi ni mgumu na unavumilia, na ufundi huo umewafikisha watu wengi nyumbani. Lakini tundu lazima libane chuma barabara pande zote. Bushi iliyochongwa kwa jicho, yenye tundu la yai badala ya duara, imerudisha zile milimita 6 tulizokuwa tunazikimbia.

KUTAFUTA CHUMA KINENE

Ikiwa bushi ni nzima, linki ni nzima, shokapu hazivuji, upepo wa matairi ni ule ulioandikwa kwenye kibandiko cha mlangoni, na bado mtu anataka gari lishike zaidi, basi atafute stabilaiza nene. Njia ya bei nafuu ni kwa wauza spea zilizotumika. Mara nyingi kiwanda hutengeneza gari la aina moja kwa matoleo kadhaa, na toleo zito au lenye injini kubwa hupewa stabilaiza nene zaidi. Nenda na kipimo cha kipenyo, usiende na maneno. Pima unene, pima urefu kutoka mkono hadi mkono, na angalia mapindo yake yasije yakagusa sampu au bomba la ekzosi. Ukiona mkwaruzo mrefu au ufa hata wa unywele, kiache hapo hapo. Na bushi zinunuliwe za kipenyo kipya, kwa sababu bushi ya milimita 20 haitavaa chuma cha milimita 22.

Wapo wanaofupisha mkono kwa kutoboa tundu jipya karibu na pindo. Hesabu inawaunga mkono: mkono wa milimita 250 ukifupishwa kuwa 225, ugumu wa msokoto unapanda kwa asilimia 23 hivi. Lakini tundu linapunguza chuma mahali palipobanwa tayari, na linki inakaa kwa kulala badala ya kusimama wima. Kwa gari la abiria siikubali njia hiyo.

Jambo ambalo nalikataza kabisa ni kuchomelea. Kijana anachukua nondo au chuma cha gari jingine, anakiunga kwa moto juu ya stabilaiza, anafurahi kwamba imekuwa nene. Stabilaiza ni chuma cha springi, kilichopikwa na kupozwa kwa kipimo ili kikisokotwa kirudi. Moto wa kuchomelea unaharibu mapishi hayo pale ulipogusa: kando ya kiungo panakuwa pagumu lakini pepesi kuvunjika, kama kigae. Chuma hicho kitavumilia siku nyingi za barabara nzuri, kisha kitakatika siku kinapotakiwa zaidi, na siku hiyo ni ya kona kali na gari limejaa.

MBELE AU NYUMA?

Swali linalofuata ni wapi pa kukaza. Stabilaiza haiondoi uzito unaohamia upande wa nje katika kona. Uzito huo utahama tu. Stabilaiza huamua zaidi ni ekseli ipi itakayoubeba, ya mbele au ya nyuma. Ukikaza mbele, matairi ya mbele yanabebeshwa zaidi na yatakuwa ya kwanza kuchoka: gari litataka kwenda moja kwa moja, na dereva ataongeza usukani. Ukikaza nyuma, matairi ya nyuma yatakuwa ya kwanza kuteleza: mkia utatoka, na gari litataka kugeuka lenyewe.

Wale wa mashindano hupenda wakati mwingine kukaza nyuma, kwa sababu gari linageuka upesi. Lakini wao wana kofia ngumu na mikanda, na barabara imefungwa kwa ajili yao. Kwa sisi, katika lami iliyolowa mvua, mkia kutoka ghafula ni hatari ambayo dereva wengi hawajafundishwa kuimudu. Basi kanuni yangu ni hii: rudisha mbele na nyuma katika hali ya kiwandani kwanza. Ukitaka kuzidisha, anza mbele kwa milimita moja au mbili, usikaze nyuma peke yake, kisha lijaribu gari bila abiria, mahali peupe, kwa mwendo mdogo.

Tena kuna gharama moja isiyolipwa dukani. Stabilaiza inaunganisha gurudumu la kulia na la kushoto. Ikiwa ngumu mno, shimo linalopigwa na gurudumu moja linafika upande wa pili, na gari linatikisika kushoto na kulia. Katika njia za vijijini zisizo na lami, zenye makorongo ya mvua, gurudumu moja linaweza kukosa kukanyaga vizuri kwa sababu stabilaiza inalivuta juu pamoja na mwenzake. Mtu ambaye maisha yake ni kupanda vijijini kubeba majani ya chai na ndizi anahitaji gari linalokubali magurudumu yake kushuka na kupanda. Huyo asikaze kupita kiasi. Land Rover za zamani ambazo wazee wetu walizijua hazikuwa na stabilaiza, na zilifika.

Wapenzi wa mbio za magari watamkumbuka Joginder Singh wa Kenya, aliyeshinda Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976. Alikuwa fundi kabla ya kuwa bingwa, na Volvo PV544 aliyoshinda nayo mwaka 1965, akiwa pamoja na ndugu yake Jaswant, lilikuwa gari lililokwisha kutumika. Vijana wachukue fundisho hilo: gari kuukuu linalojulikana na fundi wake linaweza kushinda gari jipya la mtu asiyelijua.

JAMBO KUBWA KULIKO CHUMA

Ndugu zangu, nimefika mahali ninapotaka mnisikilize kuliko pote.

Gari linapolala kwenye kona linamwambia dereva neno. Linasema: umezidi. Dereva wa Land Rover kuukuu alihisi mwili wake ukisukumwa kwenye mlango, akapunguza mwendo. Tukikaza stabilaiza tumelinyamazisha gari. Halilali tena kama zamani, na dereva anadhani amepewa ruhusa ya kuongeza mwendo. Hapo ufundi tulioufanya kwa ajili ya usalama unageuka kuwa mtego.

Wanafunzi, chukueni kalamu. Tuchukue gari la mfano ambalo umbali kati ya tairi la kushoto na la kulia ni mita 1.44, yaani nusu yake ni mita 0.72. Kitovu cha uzito wake, likiwa tupu, kiko mita 0.72 kutoka ardhini. Kwa hesabu ya msingi, gari hilo litaanza kuinua magurudumu ya ndani mchapuko wa kona ukifika 9.8, yaani sawa na graviti yenyewe. Sasa lijaze watu, weka mikungu ya ndizi juu ya keria, na kitovu kipande hadi mita 1.0. Mpaka unashuka hadi mita 7.06 kwa sekunde kwa sekunde.

Mchapuko wa kona ni mwendo kwa kipeo cha pili, ukagawanywa kwa nusu kipenyo cha kona. Kona ya nusu kipenyo cha mita 40, kwa mwendo wa kilomita 40 kwa saa, inadai 3.1. Kwa kilomita 50 inadai 4.8. Kwa kilomita 60 inadai 6.9. Mpaka ulikuwa 7.06! Kati ya 50 na 60 dereva ameongeza mwendo kwa kumi tu, lakini amekula karibu akiba yote. Na hatujaweka shimo, wala tairi bovu, wala kubadili usukani kwa ghafula kumkwepa mtoto. Barabara ikiwa imelowa, matairi yatateleza kabla ya kufika hapo, nayo ni ajali ya namna nyingine.

Katika hesabu hiyo stabilaiza haimo. Haimo kwa sababu haiongezi upana wa gari wala haishushi kitovu cha uzito, isipokuwa kwa kiasi kidogo sana kwa kulizuia gari lisilale. Mwenye kuahidi kwamba stabilaiza nene itamzuia mtu asipinduke anauza maneno.

Kinachosaidia ni kushusha mzigo. Tuseme gari lote pamoja na watu na mzigo ni kilo 2,000, na juu ya keria kuna kilo 150 za ndizi. Zishushe ndizi hizo mita 1.4, kutoka juu ya keria hadi sakafuni. Kitovu cha uzito cha gari zima kinashuka sentimita 10 na nusu, na ule mpaka unapanda kutoka 7.06 hadi karibu 7.9. Hakuna spea iliyonunuliwa wala fundi aliyelipwa. Bila shaka atakayeketi pale zilipowekwa ndizi atakosa nafasi, na tajiri wa gari atakosa nauli moja au mbili. Najua kwa kijana anayepeleka hesabu kwa tajiri kila jioni nauli mbili si neno dogo. Lakini tuiite gharama hiyo kwa jina lake. Tusidanganyane kwamba tunaweza kuikwepa kwa kununua chuma.

Nasema haya kwa sababu abiria wa magari hayo si watu wa mbali. Ni wazazi wa wanafunzi hawa wanaokuja siku ya wazazi, ni wanafunzi wenyewe wanaofunga shule na kurudi kwao na masanduku juu ya keria, ni walimu wanaokwenda Mbeya. Tajiri mwenye gari mara nyingi ni mmoja wetu tulioketi hapa, na dereva naye huenda alisoma hapa. Hatuna wa kumtupia lawama isipokuwa sisi kwa sisi.

MAOMBI YANGU

Namalizia kwa maombi matatu.

Kwenu wahitimu wenye magari ya abiria: mkirudi nyumbani, kabla ya kununua chochote, lazeni mkeka, ingieni chini ya gari kwa usalama, mkague bushi na linki kama nilivyoeleza. Kisha mpeni dereva ruhusa ya wazi ya kukataa mzigo wa juu. Dereva hawezi kukataa fedha ambayo tajiri anamdai.

Kwenu madereva: mwendo wa kilomita 50 katika makazi ni sheria ya nchi, lakini katika kona zetu hata huo mara nyingine ni mwingi. Gari likishika vizuri zaidi baada ya matengenezo, iwekeni faida hiyo iwe akiba ya siku ya dharura. Msiitumie kila siku.

Kwenu wanafunzi: sisi wa miaka ile tulisoma chini ya Elimu ya Kujitegemea iliyotangazwa mwaka 1967, tukaambiwa kuwa elimu isiyoshika jembe ni nusu elimu. Nami nasema fizikia isiyoingia chini ya gari ni nusu fizikia. Namwomba Ndugu Mkuu wa Shule na mwalimu wa fizikia waturuhusu, tutakapokutana tena, tuyapange magari yetu uwanjani mapema asubuhi. Wanafunzi wapime kipenyo cha stabilaiza, wapime upana wa magurudumu, wakague bushi na linki chini ya uangalizi wa mafundi miongoni mwetu, na kila mwenye gari apewe karatasi yenye hesabu ya gari lake. Mimi nitaleta jeki, stendi na vipimo. Mwenye gari atakayeona aibu mwanafunzi wa kidato cha tatu kumwambia kuwa linki yake imekwisha, na aone aibu. Aibu ya uwanjani ni nafuu kuliko majuto ya barabarani.

Wahenga walisema mwenda pole hajikwai. Hawakuwa na stabilaiza, lakini waliijua kona.